Maji Aliyoyamwaga Pilipili

Kila Jumamosi nyumba yao iliamka na kelele za ndoo. Mama alifua, kaka alipiga deki sebuleni, na mdogo wake aliosha vyombo huku akinung'unika, utadhani bila manung'uniko vyombo havitakati. Ndiyo maana wakamwita Pilipili. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na hasira ya mtu mzima.

Jumamosi hii ndoo zilipumzika. Mjomba, dereva wa lori, alikuwa likizoni na aliwaahidi wapwa zake kuwapeleka mtoni kwa miguu, mwendo wa kutwa nzima, wakaogelee na kulala kwenye hema. Mifuko mitatu ya mgongoni ilisimama sakafuni. Kuipanga ilikuwa kazi ya mjomba peke yake, maana alisema mzigo uliopangwa ovyo hupindua hata lori. Yeye alichukua chakula, sufuria na mablanketi. Kaka akapewa hema. Pilipili akapewa maji, madumu matatu madogo yaliyojaa hadi shingoni.

Aliuvaa mfuko ukamvuta nyuma, nusura aketi. Akamtazama kaka yake, kijana mrefu waliyemwita Mlingoti, aliyevaa lile hema kama amevaa shati. Pilipili akauliza kwa nini yeye ndiye abebe maji. Mjomba akajibu kwamba sababu ipo, wataongea njiani, jua halimngoji mtu. Mama akamkaza mikanda na kumwambia aache kununa. Pilipili akanyamaza, na waliomjua walijua akinyamaza ndipo pabaya.

Jua lilipanda bila huruma. Njia ilikuwa vumbi tupu, na mikanda ilimla mabega. Mbele yake Mlingoti alitembea akipiga mluzi, na kila mluzi ulimchoma Pilipili rohoni. Alijiambia kwamba anaonewa kwa sababu ya udogo wake. Karibu na mchana walipita kwenye tanuru la matofali, na mjomba na kaka wakasimama kumsalimu mama mfyatua matofali. Pilipili akajibanza nyuma ya rundo la matofali, akafungua madumu mawili, akayamwaga yote. Udongo uliyanywa mara moja. Mfuko ukawa mwepesi, lakini hasira ilibaki na uzito wake uleule.

Walitua kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa ghala bovu. Mjomba akatoa dumu la kwanza, tupu. Akatoa la pili, tupu vilevile.

"Yamevuja," Pilipili akasema upesi. "Vifuniko havikufungwa vizuri."

Aliyefunga vifuniko alfajiri ile alikuwa Mlingoti. Mjomba alikasirika hata hakukumbuka kuugusa mfuko kuona kama umelowa. Alimwambia kijana kwamba uzembe wa namna ile ndio unaoua watu safarini. Mlingoti akaapa kwamba alivikaza. Wakabishana mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Mwishowe Mlingoti akasema kama kosa ni lake, basi yeye hanywi, fungu lake apewe mdogo wake. Akajitwika hema na kutangulia juani, wala hakugeuka alipoitwa. Pilipili alikunywa fungu lake na la kaka yake.

Hawakwenda mbali. Mlingoti alianza kuyumba, kisha akakaa chini katikati ya njia, akisema kichwa kinapasuka na kichefuchefu kimembana. Ngozi yake ilikuwa ya moto. Mjomba akambeba hadi kwenye kivuli cha vichaka, akamlegeza nguo, akalowesha kitambaa na kumpepea kwa kofia. Dumu la tatu likabaki na mafunda machache.

Pilipili alipiga magoti kando ya Mlingoti. Aliona wazi kwamba kaka yake anaweza kufa kwa uongo wake.

"Mjomba, hayakuvuja," akasema. "Niliyamwaga mimi, kule kwenye matofali. Nilikasirika."

Mjomba alimkazia macho. Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma kuliko kofi.

"Chukua madumu, urudi kule tanuruni. Mweleze yule mama ukweli, usiupambe. Nenda."

Mfyatua matofali alimsikiliza mikono ikiwa kiunoni, kisha akawaka. Yeye maji aliyachota mbali, akayabeba kichwani, na mtoto mmoja ameyamwaga kwa sababu amenuna? Alimsema bila kumbakizia, lakini huku akisema alikuwa akijaza madumu. Akampakia kwenye baiskeli na kuendesha kwa kasi, akigomba njia nzima.

Mlingoti alinyweshwa kidogo kidogo, maji yakiwa na sukari na chumvi kidogo. Wakamlowesha kichwa na mikono. Jua lilipolegea, naye akapata nafuu. Mama yule alimpakia kwenye baiskeli hadi mtoni, na hema likabebwa na Pilipili.

Mjomba alimwomba Mlingoti radhi kwa kumhukumu kabla ya kuchunguza, kisha akamkataza kuingia majini. Pilipili naye akaja, macho chini, akaomba msamaha.

"Unajua nani aliyesema ubebe maji?" Mlingoti akamuuliza. "Ni mimi, nilimwomba mjomba. Maji hupungua kila tunapokunywa. Mpaka saa hizi ungekuwa umebeba madumu matupu. Hema halipungui."

Pilipili akalia. Safari hii hasira zote zilikuwa zake mwenyewe, na hakuwa na mtu wa kumtupia.

"Msamaha nimeusikia," Mlingoti akaendelea. "Lakini bado nimekukasirikia, na kesho pia nitaamka nimekasirika."

"Umemsikia kaka yako?" Mjomba akauliza, akikoleza moto chini ya sufuria. "Amekasirika, amekwambia, na hakuna kilichomwagika. Kukasirika si kosa, mpwa wangu. Ukiona unaonewa, sema. Na ukikosea, sema upesi zaidi. Ukweli ulioniambia kule vichakani, ungeniambia pale ghalani, kaka yako angekuwa anaogelea sasa hivi."

Mto ulikuwa mbele yao, mpana na wa baridi. Jioni ile hakuna aliyeogelea.