Betri Iliyoanikwa Juani

Mume wangu ni dereva wa bajaji. Kijiweni wanamwita Injinia. Hajasomea uinjinia popote, jina alilipata kwa mdomo wake. Chombo cha mtu kikizima barabarani, yeye ndiye wa kwanza kuinama na kutoa ushauri, hata asipoulizwa.

Mimi nauza nyanya mkabala na kijiwe chao, kwa hiyo nasikia yote. Akisubiri abiria, anazima injini ili kubana mafuta. Redio haizimi. Simu za wenzake nazo zinachajiwa humo humo.

"Baba watoto," nilimwita siku moja, "hiyo redio inakula nini?"

"Inakula betri."

"Na betri inakula nini?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Wewe uza nyanya zako," akanijibu.

Haikupita muda, bajaji ikaanza uvivu. Akibonyeza kitufe cha kuwashia, injini inajivuta kama mtu aliyeamshwa usingizini. Taa zikafifia. Honi ikawa na sauti ya mafua. Hizo zote zilikuwa dalili. Lakini Injinia aendeshwe na dalili? Thubutu! Alifungua betri, akapanda juu ya bati la choo, akaiweka juani.

"Makubwa haya! Unaanika betri kama nguo?"

"Betri za redio ya babu tulikuwa tunazianika, zinapata nguvu. Betri ni betri tu."

Jioni akairudisha. Bajaji ikawaka. Alinitazama kwa maringo. Kesho yake kijiwe kizima kilikuwa kimeshafundishwa, na wenzake wawili wakapandisha betri zao juu ya bati.

Wakati huo mama yangu alikuwa amekuja kwetu kutibiwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Hata siku ananiozesha, alikuwa anaona ukungu tu. Mkwewe alimjua kwa sauti. Daktari wa upasuaji wa macho hufika hospitali kubwa mara moja kwa mwezi, na mgonjwa akichelewa, nafasi yake anapewa mwingine.

Kaka yangu alitaka kututumia teksi. Mume wangu akaja juu.

"Mkwe wangu apandishwe teksi, na mimi nina chombo mlangoni? Watu watasemaje?"

Jioni ya kuamkia safari aliiosha bajaji ikang'aa. Redio ilimwimbia mwanzo hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa.

Asubuhi mama alitoka na nguo yake ya heshima. Nikampandisha, nikakaa naye. Mume wangu akabonyeza kitufe.

"Tik."

Akabonyeza tena. "Tik, tik." Kisha hata hiyo tik ikakata.

"Ngoja niite teksi," nikasema.

"Teksi ya nini? Shuka usukume kidogo tu."

Nikasukuma. Wapi! Akasema nisukume tena, nikasukuma tena. Mara nikaona mama anashuka, anapapasa ubavu wa bajaji mpaka nyuma.

"Mama, hapana! Rudi ukae!" mume wangu akapiga kelele.

"Baba, mabovu ni macho. Mikono ninayo."

Akaegemeza mikono yake, akasukuma. Majirani walikuwa wametoka milangoni. Mama mkwe anamsukuma mkwewe! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hatukufika mbali. Mama hakuuona mtaro, akaanguka kwa magoti ndani ya maji machafu.

Tulipopata teksi, muda ulikuwa umekwenda. Muuguzi akatutazama, nguo zetu zikiwa na matope.

"Poleni. Daktari ameshaingia na wagonjwa wake. Mje mwezi ujao."

"Haya, mwanangu. Asante," mama akasema. Njia nzima hakulalamika. Heri angetukana.

Mume wangu alijifungia chumbani. Chakula nilimpelekea, akala akiwa ameugeukia ukuta.

"Nimemsukumisha mama," alisema. "Nitamtazamaje?"

"Mtazame tu. Yeye hakuoni, na wewe unajua kwa nini."

Nilikuwa na hasira, lakini neno hilo lilipotoka nami nikaona haya. Alilia kimya kimya, na sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Kesho yake aliifunga betri kwenye shuka, akaibeba kifuani ili wa kijiweni wasiijue. Tukaenda kwa jirani yetu, fundi wa umeme wa magari. Ni mwanamke mwenye maneno, wote tunamwita Dada Cheche.

"Karibuni! Mtoto anaumwa nini?"

Mume wangu akafungua shuka, macho chini. Cheche alivaa miwani ya kazi na glovu, akafungua vifuniko vya betri.

"Imekauka. Niliiona juu ya bati lenu. Nani kakufundisha kuianika?"

"Nimejifundisha mwenyewe," akajibu kwa sauti ndogo.

"Lakini ilipoanikwa iliwaka," nikamtetea.

"Joto huipa betri nguvu kidogo kwa muda, basi. Jua haliijazi chochote. Ndani mna maji yenye asidi, na jua linayakausha. Kinachoijaza ni injini ikiwa inaunguruma. Ukiizima ukaacha redio, taa na simu za watu, unachota pipa bila kulijaza. Hapa umeongeza maji gani?"

"Ya bomba."

"Ee, kaka! Weka maji ya betri yanayouzwa dukani, yafike kati ya mistari hii miwili. Asidi usiiguse, na ikikurukia, jioshe kwa maji mengi na uwahi hospitali. Sigara iwe mbali, betri hutoa hewa inayoweza kulipuka."

Akatuonyesha unga mweupe kwenye vichwa vya betri. "Huu nao unazuia umeme. Zima kila kitu. Ondoa kwanza waya wa hasi, wenye alama ya kutoa, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Sugua kwa brashi, kaza, paka grisi kidogo."

Aliiweka betri kwenye chaja yake. Tuliporudi kuifuata, aliipima akatikisa kichwa. Ilikuwa haishiki tena chaji. Ikabidi tununue mpya ya aina ile ile, na ile mbovu tukamwachia muuzaji, maana si ya kutupwa jalalani. Cheche akapima pia kama injini inaichaji vizuri.

"Na nikikwama njiani?" mume wangu akauliza.

"Zima vyote, angalia waya uliolegea. Bajaji yako ina klachi, hivyo betri ikiwa na uhai kidogo unaweza kusukumwa mahali tambarare: swichi iwe imewashwa, shika klachi, tia gia ya pili, bajaji ikishika mwendo uiachie klachi. Ikiwa imekufa kabisa, usisumbue watu. Mtafutie abiria chombo kingine, kisha uniite. Aibu ya kuomba msaada ni ya dakika tu."

Mume wangu aliitikia kwa kichwa. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kijiweni, shuka mkononi.

"Jamani," alisema, "nilichowafundisha ni uongo. Ondoeni betri zenu juani. Mimi yangu imekufa, na mama mkwe amekosa matibabu kwa sababu yangu."

Nilitegemea wacheke. Walicheka kweli, tena sana. Alisimama pale akayameza yote, masikio yakimwaka. Halafu mmoja wao akaondoka kimya kwenda kuishusha yake.

Siku hizi akizima injini anazima na redio. Akiona taa zinafifia, anakwenda kwa Cheche siku hiyo hiyo. Mwezi uliofuata bajaji iliwaka mara moja, tukafika hospitali mlango haujafunguliwa. Mama akafanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza.

Walipomtoa bendeji, mume wangu alikuwa amejibanza nyuma yangu. Mama aliniangalia mimi kwanza, akanishika shavu. Kisha akauliza, "Na mwanaume huyu?"

"Ni mimi, mama," mume wangu akasema, ameinamisha kichwa.

"Sauti naijua. Miaka yote hii uso sijauona." Mama akamshika kidevu. "Inua uso, baba. Nikuone."