Mkono wa Kushoto wa Babu Hosea

"Mdomo wangu unaweza kukudanganya, Ardelia. Vidole vyangu haviwezi. Hivi vidole vimekula kiapo."

Lemuel Pettiford alikuwa amekalia meza ya jikoni, gitaa mapajani, akivichezesha vidole hewani kama mganga anayeonyesha hirizi mpya.

"Vimekula pai yangu ya viazi vitamu, hicho ndicho vilichokula," mchumba wake akamjibu. "Nawa kwanza. Gitaa la Babu halijui sukari."

"Babu mwenyewe alilipiga na mafuta ya nguruwe mikononi."

"Babu alilipiga maisha yake yote. Wewe umelirithi juzi."

Wakacheka. Kisha kicheko cha Ardelia kikaishia njiani, kama kilivyozoea tangu mazishi ya Babu.

"Niambie tena, Lem. Ile jioni."

"Si nimekuambia mpaka umekariri?"

"Niambie."

Kwa kusimulia, mtu huyu angeweza kumuuzia samaki maji. Kila aliporudia hadithi hii aliongeza kachumbari.

"Babu akanifundisha ule ubeti wa mwisho wa wimbo wake, aliokuwa akituficha. Akapiga, nikapiga, akasema, 'Basi, sasa ni wako.' Halafu nikamshika mkono. Wa kushoto, ule wa kubonyeza nyuzi. Akanibana, Ardelia. Akanibana mpaka pumzi ya mwisho."

Ardelia akafuta macho kwa aproni.

"Unajua kwa nini nilikubali pete yako? Si sauti. Sauti unayo ya kawaida tu."

"Asante."

"Ni mkono huo. Babu alinilea peke yake, na siku anaondoka mimi niko kazini. Wewe ulikuwepo. Basi sina sababu ya kutafuta mwanamume mwingine."

Lemuel akageukia dirisha. Maana jioni hiyo hakuwepo.

Walikuwa watatu kwenye kundi lao la muziki hapo mjini Durham: Lemuel kwenye gitaa, Ardelia kwenye banjo, na Kezia aliyekwangua ubao wa bati wa kufulia, vidole kavivisha vikofia vya chuma. Walifufua muziki wa zamani wa bluzi na kalipso, na zile nyimbo ambazo wazee walizipiga nje ya maghala ya tumbaku siku za mnada. Babu Hosea Mangum ndiye pekee aliyekuwa amebaki kati ya wazee hao.

Jioni ile Ardelia alimwandikia Lemuel ujumbe wa simu kutoka hospitali alikokuwa akiuguza wagonjwa:

"Zamu imeongezwa. Nenda ukae na Babu. Anasema leo anakupa ubeti wa mwisho."

"Niko njiani mpenzi."

Baadaye akaandika tena:

"Anaendeleaje?"

"Tunapiga gitaa. Usipige simu, utamkatiza."

Ujumbe huo uliandikwa kitandani kwa Kezia, upande wa pili wa mji.

"Kwa mzee utakwenda saa ngapi?" Kezia alimuuliza.

"Ubeti umesubiri miaka yote hiyo. Hauwezi kusubiri kidogo tena?"

Usingizi ukampitia. Alipofika kwa mzee kumekucha. Babu Hosea alikuwa kwenye kiti chake cha kubembea, gitaa mapajani, ameshapoa. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya kahawa, kimoja hakijaguswa. Lemuel akalitoa gitaa kwenye ile mikono, kidole chake kikapita juu ya nyuzi. Tatu zilikuwa zimelegea. Angekuwa na utulivu angejua kwamba zile hazikuwa nyuzi zilizochoka, zilikuwa zimewekwa hivyo makusudi. Lakini alikuwa anatunga la kusema. Akazikaza kama kawaida, akalirudisha gitaa kwenye kasha, kisha akapiga simu.

"Ametutoka, mpenzi. Mikononi mwangu."

"Mbona hukunipigia mapema?"

"Sikuwa na moyo wa kumwachia mkono."

Na hapo ndipo mkono ulipozaliwa.

Jumamosi ya onyesho la kumkumbuka Babu, ukumbi wa kanisa ulijaa mchana kweupe, unanukia kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi. Mbele kabisa, chini ya kofia ya zambarau pana kama sinia, alikaa Bi Tempie Gattis, jirani wa Babu. Mazishi yalimpita, kwa kuwa alfajiri ile ile ya kifo, kabla habari hazijaenea, alipanda gari kwenda Baltimore kumuuguza binti yake, na alikuwa amerudi juzi tu.

Lemuel akasimulia jukwaani: ubeti, mkono, kubanwa. Watu wakatoa leso. Kisha akaupiga ubeti wa mwisho, ambao aliutunga mwenyewe akiwa bafuni, na makofi yakalia.

"Mwanangu," Bi Tempie akasema makofi yalipotulia, "umeimba vizuri, Mungu akubariki. Ila nyuzi sizo."

Watu wakacheka. Lemuel naye akacheka.

"Zimekukosea nini, Bi Tempie?"

"Zimekaza mno. Nilipompelekea Hosea sahani yake jioni ile, nilimkuta kalibana gitaa kwa magoti, anazilegeza. Zile mbili nene na ile nyembamba kabisa. Nikamwambia, wewe mzee, unatyuni gitaa au unakamua mbuzi? Akasema, 'Zikikaa hivi, Tempie, mkono mmoja unatosha.'"

"Mkono mmoja?" Ardelia akauliza. "Kwa nini mmoja?"

Bi Tempie akaivua kofia yake taratibu.

"Kumbe hukujua. Wa kushoto ulikuwa umekufa, mwanangu. Tangu Jumapili ya wiki ile. Hauinuki, haubani hata kijiko. Alikuwa anautia mfukoni ukija. Alinikataza nikuambie, aliogopa utampeleka nyumba ya wazee." Akamtazama Lemuel kwa upole, hana hili wala lile. "Lakini wewe si ulikuja nilipoondoka? Alishakutengea kikombe. Si alikueleza?"

Lemuel akavificha vidole vyake chini ya gitaa.

"Mkono gani alikubana, Lem?"

"Tuongee nyumbani."

"Hawa umewaambia sasa hivi. Mkono gani?"

"Labda... labda wa kulia."

"Labda."

Ardelia akaweka banjo sakafuni. Akalichukua gitaa mapajani mwa Lemuel bila kupokonya, kama mtu anavyomchukua mtoto mikononi mwa mlevi. Akaanza kulegeza.

"Zaidi," Bi Tempie akamwelekeza. "Bado. Hapo."

Mkono wa kushoto akauacha uning'inie. Kwa wa kulia akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi tupu, na sauti nzito, pana, ikajaa ukumbi. Lemuel aliijua. Alikuwa ameisikia asubuhi ile, kabla hajazikaza nyuzi ikafa.

"Ubeti wenyewe ulisemaje, Bi Tempie?"

"Sijui, mwanangu. Nilimwomba aniimbie, akakataa. Alisema huo ni wa kijana, anakuja sasa hivi."

Ardelia akaifuata sauti ya gitaa mpaka ikaisha yote. Ndipo akamgeukia.

"Ulikuwa wapi, Lem?"

Kabla hajajibu, nyuma yao ukasikika mlio mdogo wa bati. Kezia alikuwa amekaa na ubao wake kifuani, macho chini, na vile vikofia vya chuma vilikuwa vinagonga, vinagonga. Akaukumbatia ubao kwa mikono miwili ili unyamaze.

Ndivyo ulivyozidi kulia.