Vumbi Mbele ya Newala Moja

Kila asubuhi Theodora alifagia sehemu yake ya uwanja wa shule mbiombio, ili apate dakika kumi za kusimulia kabla ya kengele. Wenzake wa darasa la sita walimzunguka na mifagio yao mikononi.

"Mwanga wenyewe, na mbio zake zote, unatumia zaidi ya miaka minne kutoka nyota iliyo jirani na jua mpaka hapa," alisema. "Sisi tutakwenda kwa siku mbili!"

"Acha uongo!" alidakia Kelvin. "Mwalimu alisema hakuna kinachoushinda mwanga mbio."

"Kweli hakuna. Ndiyo maana Newala Moja haikimbii!"

Newala Moja kilikuwa chombo cha anga alichokibuni yeye na Nurdin, jirani yake wa dawati, wakakipa jina la mji wao. Theodora alitandika kanga chini, akaweka kopo katikati. Nurdin akaikunja kanga mbele ya kopo, Theodora akaitandaza nyuma yake. Kopo halikusogea juu ya kanga hata kidogo, lakini ukingo wa mbele ulikuwa umelifikia.

"Mnaona? Anga inakunjwa mbele, inatanuliwa nyuma. Chombo kimekaa kitako, na safari imekwisha!"

Watoto walipiga kelele. Walijua fika kwamba ni mambo ya kubuni, lakini utamu wake haukupungua.

Jumatatu angekuja Mwalimu Huruma, anayefundisha fizikia sekondari huko Masasi, kuchagua kazi moja tu ambayo wanafunzi walioiunda wangeipeleka kwenye maonyesho ya sayansi hukohuko. Kelvin alikuwa na jiko la jua lililochemsha mayai kwelikweli. Theodora aliitaka safari ile mpaka hamu ya kula ikamwisha.

Jumamosi baba yake alirudi kutoka shambani kupuliza salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho. Msimu wa salfa kila nyumba ina utaratibu wake: anayetoka kupuliza husimama mbali, hukung'uta nguo na kunawa, ndipo asogee kwa watoto. Siku hiyo baba alikuwa na haraka ya chai, akapitiliza mpaka mlangoni. Grace, mdogo wake Theodora mwenye miaka minne, akatoka mbio kumpokea.

"Grace! Rudi!" mama alipiga ukelele.

Wapi! Mtoto alisharuka kifuani kwa baba yake, na vumbi la manjano lililojaa kwenye shati likammwagikia usoni. Lo, kilio chake! Mama alimwosha macho kwa ndoo nzima, na maji ya Newala, kwa uhaba wake, si ya kuchezea.

"Baba Theodora, ungesimama mbali ungepungukiwa nini?"

"Nimekosa, mama Theodora," baba alisema, ameinamisha kichwa.

Baada ya muda Grace alifumbua macho, mekundu lakini mazima. Theodora alikuwa bado ameduwaa na kata mkononi. Newala Moja nayo ingepita kwenye vumbi la anga! Mikunjo ya mbele ingekusanya vumbi hilo njia nzima, na siku ya kufika, mikunjo ikinyooka, je? Alimwaga mchanga kwenye kanga, akaikunja, kisha akaivuta kwa nguvu. Mchanga uliruka mpaka kwenye sufuria ya maharage.

"Theodora!" mama alifoka.

Theodora hakusikia. Vumbi lenye kasi namna ile lingewaunguza wenyeji wote ambao wangekwenda kuwatembelea huko nyotani.

Jumatatu asubuhi alimweleza Nurdin.

"Nyamaza!" Nurdin alimnong'oneza. "Nani atajua? Unataka Kelvin aende Masasi na mayai yake, sisi tubaki kumpungia mkono?"

Theodora akakubali, ingawa roho ilimsuta.

Zamu yao ilipofika walisimama wima. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Haya, nipelekeni kwenye nyota!"

Walikunja kanga, wakatanua, wakaeleza. Mwalimu Huruma alicheka kwa furaha, akasogeza kiti karibu. "Nimependa! Na kikifika?"

"Kinasimama, mwalimu."

"Kinasimama tu?"

Nurdin alitazama miguu yake. "Ndiyo" ilikuwa tayari kwenye ulimi wa Theodora. Lakini akilini alimwona Grace akifikicha macho na kulia.

"Hapana, mwalimu. Kikisimama, kinaua!"

Alichota mchanga nje ya mlango, akaumwaga kwenye kanga, akakunja, akavuta. Mchanga wote ukatua kwenye sketi ya mgeni! Darasa likalipuka kwa kicheko. Mwalimu Huruma alijikung'uta, macho yaking'aa.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu Jumamosi, mwalimu. Nilitaka kulificha. Na dawa yake siijui."

Mara Nurdin akaruka. "Kisimame mbali! Kielekeze pua pasipo na mtu, vumbi limwagike huko, ndipo kisogee polepole!"

"Siku mbili zitakuwa miezi!" alisema Theodora.

"Na iwe miezi! Tutafika bila kumuunguza mtu!"

"Mikunjo nayo muilegeze kidogo kidogo," Kelvin alipaza sauti kutoka nyuma, amesahau mayai yake. Wakabishana wote kwa pamoja, mpaka Mwalimu Huruma akagonga meza.

"Newala Moja itakwenda Masasi," alisema. Kelele zilipotulia, aliendelea. "Kelvin, jiko lako ni zuri, liendeleze. Ninyi wawili, nisikilizeni. Chombo chenu ni cha kubuni, lakini kesho mtaunda vya kweli: madaraja, mashine, dawa. Ukiijua kasoro ukanyamaza, kasoro haiondoki. Inamngoja mtu atakayekitumia kitu chako. Iseme mapema, hata kama itakukosesha zawadi, maana ukishaisema wenzako watakusaidia kuitafutia dawa. Leo mmeona wenyewe."

Nurdin alinyoosha mkono. "Mwalimu, mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

Mwalimu Huruma akatabasamu.

"Ahsante kwa kusema. Ukifika Masasi, wewe ndiye utakayeeleza habari za vumbi."