Asilimia Sitini na Mbili

Rafiki yangu Feliciana, wa Makambako, alikuwa akimenya viazi binti yake Aneth alipoingia jikoni mbio.

"Mama, umeme umekatika! Na mfumo mpya wa kompyuta ulikuwa umefika asilimia sitini na mbili!"

Kisu kikamponyoka. Kompyuta ile ya mezani iliachwa na mumewe, marehemu Wiliam, na ndani yake mlikuwa na sauti yake akiongea na wanawe. Hawakuwa nayo mahali pengine. Fundi alikuwa ameonya kwamba kazi ikikatika njiani, kila kitu huenda kikafutika.

"Si nilikwambia unakili kwanza?"

"Ulisema, mama. Nisamehe."

"Msamaha utairudisha sauti ya baba yako?"

Wakapapasa hadi sebuleni. Ukungu ulikuwa umeziba madirisha, na kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi. Feliciana akabonyeza swichi mpaka kidole kikauma. Mwishowe akapiga magoti mbele ya mashine, akaibembeleza kama mtoto mgonjwa. Kimya.

"Mashine haili, sisi tunakula!" mama mkwe akaita.

Feliciana akachomoa waya ukutani, akarudi kupika.

Akapakua viazi kwa mwanga wa mshumaa, akahesabu vichwa: Aneth, mdogo wake Yoramu, bibi yao, na yeye mwenyewe. Wote wapo.

"Tuombe," bibi akasema.

Wakafumba macho. Sebuleni, gizani, feni ya kompyuta ikaanza kuvuma. Kisha vitufe vikasikika vikigongwa, kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayetafuta herufi.