Ubeti Alioagia Mama

Kighani kiliimba bila kuvuta pumzi. Kilisimama katikati ya ukumbi wa mazoezi mjini Tanga, mtambo mwembamba wa shaba usio na uso, na koo lake la nyuzi za kioo lilitoa sauti ya Kibibi, hata kile kikwaruzo alichorithi kwa mama yake.

"Unasikia, bibie?" alicheka Shaweji, mwenye kikundi cha taarabu ambacho Kibibi alikiimbia. "Hakiugui, hakinuni. Kikiiva, wewe nenda kapumzike."

"Na wimbo wa mama yangu?"

"Wa kikundi huo. Siku ya uzinduzi nitatangaza nimeutunga mimi."

Kibibi alitabasamu. Alijua kighani kinavyojifunza: kinachorudiwa sana hukishika kuwa kweli, kinachosikika mara chache hukifuta kama kosa. Na Shaweji hakuhudhuria mazoezi; aliuacha mtambo usikilize.

Ubeti wa mwisho ndio mama aliowaagia wanawe alipopanda chombo kwenda migodi ya Mwezi, asirudi. Kibibi aliugeuza sauti na maneno, akauimba hivyo mwaka mzima, kwa utamu uleule.

"Shoga, unakilisha sumu," alinong'ona Chausiku, mpiga fidla aliyejiunga katikati ya mwaka huo.

"Bwana wake kazoea vya watu. Acha ashibe."

Siku ya uzinduzi Shaweji alijitangaza mtunzi, akaketi mbele na suti mpya. Kighani kikaimba, watu wakakitunza kwa noti, mpaka ubeti wa mwisho:

"Nguo ya kuazima, Shaweji, haisitiri matako!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Mtambo haukujua aibu; ukarudia, tena kwa madaha. Shaweji akatoka ameziba uso. Moyo wa Kibibi ukapoa kama maji ya mtungi.

"Kibibi! Tuimbie mwenyewe!" watu wakaita.

Akapanda jukwaani, akaimba vizuri hadi ubeti ule. Akafumba macho kumtafuta mama. Kinywa kikafunguka chenyewe: "Nguo ya kuazima..."

Watu wakashangilia. Akaanza upya. Yakatoka yaleyale.

Akakifunika kipaza sauti kwa mkono. "Chausiku, mama alisemaje pale?"

Chausiku akashusha upinde. "Mimi nimeukuta huuhuu, shoga."

Noti zilikuwa zikimwagika miguuni pake. "Rudia!" watu walipiga kelele. "Rudia hapo hapo!"