Saruji ya Chini ya Daraja

Haya yalimpata rafiki yangu Jeanine, mwalimu wa mtaa wa Nguba, na mpaka leo akiyasimulia anakasirika. Kwa miaka mitatu yeye na wamama wa mtaa waliomba mahali pa chini ya daraja, palipojaa takataka, pafanywe soko. Mwishowe wakubwa wakakubali. Wakaleta askari kufukuza watu waliokuwa wakilala pale, na kesho yake wakamwaga saruji.

Jeanine alikwenda asubuhi iliyofuata kupima nafasi za meza. Nje jua liliwaka, lakini mle chini mlikuwa na giza. Akasikia mtu akikohoa chini ya miguu yake.

Akamwita Venant, fundi aliyemwaga saruji. "Watu wote walitoka?"

"Maman, shefu wetu wa kazi alisema tumwage tu. Hatukuangalia."

"Hamukuangalia? Na ule mwenye kukohoa ni nani?"

"Ni gari kubwa iko inapita kule juu."

"Barabara wameifunga tangu jana, Venant. Leta tochi."

Akaileta. Saruji ilikuwa imekauka, laini kama sahani. Katikati palikuwa na alama ya kiganja, vidole vitano wazi. Alama ile ilikuwa imevimba kwenda juu, kama ya mkono uliosukuma kutoka chini.