Mhusika A Ni Mimi

"Huyu tumemwita Mhusika A," alisema, akaelekeza kalamu kwenye picha ukutani.

Jamani... aliyekuwa pale ukutani ni mimi!

Sura ilikuwa imefichwa kwa ukungu, lakini mtu hajisahau. Bega langu. Blauzi yangu ya kijani. Kipaza sauti cha redio ya chuo, kile chenye sponji iliyochanika.

Na aliyesimama mbele akitetea utafiti wake ni nani? Pacha!

Si pacha wa kuzaliwa. Tulikuwa tunasoma wote vyombo vya habari, utamaduni na mawasiliano. Miaka mitatu chumba kimoja cha hosteli, pasi moja, sufuria moja. Chuo kizima kilituita mapacha.

Niwarudishe nyuma kidogo.

Miezi minne kabla, ukurasa usiojulikana ni wa nani ulirusha mtandaoni: "Mtangazaji wa asubuhi kauza kamera ya idara."

Mtangazaji wa asubuhi ni mimi.

Ndani ya wiki moja nikiketi kantini, watu wanasogeza mabegi yao. Mkuu wa redio akaniita.

"Pumzika kidogo, upepo upite."

Upepo ulipita na kipindi changu. Akapewa mwingine.

Kamera yenyewe ilikuja kuonekana kwenye kabati la stoo. Haikuwahi hata kutoka! Lakini hilo nani alisambaze?

Nikampigia dada yangu, mkubwa wangu, tumezaliwa wawili tu. Nililia mpaka kwikwi.

"Usijibu, mdogo wangu," akaniambia. "Ukijitetea ndiyo utaonekana una hatia. Nyamaza."

Nikanyamaza.

Na Pacha? Kila jioni ananiuliza, "Leo unajisikiaje?" huku daftari liko mapajani. Mimi nikadhani anafanya kazi za darasani. Kumbe ananiandika mimi!

Uvumi ule aliutunga yeye. Ulikuwa jaribio. Alitaka kuona uongo unasambaa vipi chuoni.

Pale ukumbini, mtahini mmoja alivua miwani.

"Mhusika aliridhia?"

"Ndiyo, Dokta."

Akaonyesha fomu. Sahihi yangu!

Nikakumbuka. Nilikuwa napiga pasi, akaniletea karatasi. "Saini hapa, ni dodoso la matumizi ya simu." Nikasaini.

Mwanafunzi wa mawasiliano, mwaka wa tatu... nimesaini bila kusoma. Nichekeni tu.

Nikasimama niondoke, maana nilihisi nitamrukia. Ndipo Pacha akasema maneno yaliyonigandisha.

"Cha ajabu, siku ya kwanza uvumi ulikufa. Waliosambaza ni kumi na mmoja tu. Siku ya pili akajitokeza mtu anayemjua mhusika, akaandika komenti hii. Hapo ndipo ukalipuka."

Komenti ikatokea ukutani, jina limefutwa:

"Mbona mnashangaa? Huyu udokozi kauanzia nyumbani. Aliuza saa ya baba akiwa na miaka kumi na miwili."

Nikakaa tena.

Habari ya ile saa haikuwahi kuvuka mlango wetu. Tuliijua watatu: baba, dada na mimi. Simu ya baba ni ya kupokea tu, hata kuandika hawezi.

Na ile saa, ndugu zangu, aliiuza dada! Wiki ile alikuwa na mtihani wa mwisho, akanipigia magoti. Nikasema ni mimi. Nikachapwa mimi.

Nikatoka nje, nikampigia.

"Dada, saa ya baba aliuza nani?"



"Umeanza mambo ya kale..."

"Nimesoma ulichoandika."

Nilitegemea akane. Hakukana!

"Sasa ulitaka niendelee kushangilia mpaka lini?" sauti yake ilikuwa kavu. "Kila mgeni akija, baba anasema mwanangu mtangazaji, mwanangu mtangazaji. Anayempikia na kumfulia ni nani? Mimi sina jina?"

"Ungeniambia mimi, dada. Si chuo kizima."

Akakata simu.

Pacha alipata alama za juu kuliko wote darasani. Alinifuata ngazini.

"Usichukulie kibinafsi. Ulikuwa ni utafiti."

Nikahamisha godoro langu siku ileile. Sufuria nilimwachia.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Dada hakuwepo. Baba ni fundi viatu, nikamkuta barazani anashona soli. Nikamweleza yote, kuanzia saa hadi kamera.

Hakuinua uso.

"Ile saa nilijua kaiuza dada yako. Aliyeinunua aliniambia mwezi uleule."



"Sasa mbona hukuwahi kusema, baba? Fimbo nilikula mimi!"

"Nilingoja useme mwenyewe. Hukusema."

"Na ya kamera... uliamini?"

Akakata uzi kwa meno, akanitazama.

"Mwanangu, ulinitazama machoni ukasema uongo, na ulikuwa mtoto. Hii ya kamera nikasikia kwa majirani, nikangoja unipigie. Miezi minne hukupiga. Ningejuaje lini unasema kweli?"

Nimesomea kuongea na watu maelfu, na baba yangu mzazi nilishindwa kumwambia sentensi moja: si mimi.

Wewe unayesoma hapa, usibebe kosa la mtu ukadhani ni upendo. Siku mkikosana atalitumia kama ushahidi. Na jina lako likichafuliwa, usimwachie mwingine akuchagulie ukimya. Sema mapema, anza na wa nyumbani kwako.

Dada bado anampikia baba. Mimi nikienda, nakula, naosha sahani yangu, naondoka.